Mzigo Mmoja Ufike Kwanza: Hotuba kwa Vijana Waundaji wa Programu, Mtwara Mjini

Wazee wangu, shikamooni. Viongozi na makarani wa vyama vya msingi mlioacha shughuli zenu mkaja, wakufunzi, wadogo zangu wanafunzi, nawasalimu nyote. Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuanzisha mradi wa programu iliyo kamili: tovuti inayofunguka kwenye kompyuta ya ofisini, programu ya simu inayotembea na mtu hadi kijijini, na nyuma ya hizo mbili seva, yaani kompyuta inayopokea na kujibu maombi, na hifadhidata, yaani daftari la kompyuta lenye majedwali na safu zake. Vijana wengi wa Mtwara na Lindi wanalitamani jambo hili, na baadhi yenu mmeshalianza. Mnaojua tayari mtanivumilia nikieleza mambo ya mwanzo, kwa sababu wamo humu wazee ambao mali yao ndiyo itakayopita ndani ya programu hizo, na wana haki ya kuelewa zinavyofanya kazi.

Neno langu kubwa nalisema sasa hivi, ili atakayelazimika kutoka aondoke nalo. Siku za kwanza za mradi zisiwe za kuchora skrini nzuri. Chagueni rekodi moja ya kweli, ndogo kabisa, mhakikishe inatoka kwenye simu, inapokelewa na seva, inaingia kwenye hifadhidata na inaonekana kwenye tovuti, bila kupotea na bila kujirudia. Rekodi hiyo isipofika, mengine yote yasubiri.

Kwa sisi wa huku, rekodi hiyo ni mzigo wa korosho.

Utaratibu mnaujua wenyewe. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na tangu msimu wa 2007 korosho zetu zikaanza kuuzwa kwa mfumo huo. Mkulima anafikisha korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, anapewa karatasi. Mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, na malipo yanakuja baadaye kupitia benki. Hebu tutazame hapo katikati. Mama wa Kitangari ameleta magunia yake, ameyaacha, anarudi nyumbani na karatasi. Tangu dakika ile hadi siku ya malipo, haki yake yote imo kwenye maandishi. Programu ikiyapoteza maandishi hayo, imepoteza korosho zake. Ikiyaandika mara mbili, imezalisha korosho zisizokuwepo, na mwisho wa msimu kuna karani atakayeulizwa ziko wapi.

Ndiyo maana nasema mzigo mmoja ufike kwanza.

Sasa, vijana wengi wanafanyaje? Wanakaa watatu, wanagawana. Mmoja anachukua tovuti, mwingine simu, wa tatu seva. Kila mmoja anajifungia na kipande chake, na baada ya miezi kadhaa wanakutana kuunganisha. Hapo ndipo inapogundulika kwamba simu inatuma uzito kama maneno, seva inasubiri namba, na tovuti inatafuta safu yenye jina jingine kabisa. Kila kipande peke yake ni kizima. Kilichoharibika ni maungio, na maungio hayakuwa kazi ya mtu yeyote. Katika programu ya namna hii hatari haikai ndani ya skrini wala ndani ya hifadhidata. Inakaa pale data inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya timu nzima, kwa pamoja, iwe kuunganisha vipande vikiwa bado vidogo na vibaya.

Kanda hii ina kumbukumbu yake ya mradi ulioanza kwa ukubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga: Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Mpango ulikuwa kusafisha zaidi ya ekari milioni 3. Mashine zililetwa kwa meli, bandari hii ya Mtwara ikaanza kujengwa, reli ikatandazwa kwenda bara, na yote hayo yalipangwa kabla shamba dogo la majaribio halijaonyesha kwamba udongo na mvua za maeneo yale zinakubali karanga kwa kilimo cha mashine. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na leo inapitisha korosho, tunashukuru. Lakini wazee wa Nachingwea wanajua gharama ya kujenga reli kabla ya kujua kama shamba litazaa. Mnapofungua kompyuta kuanza mradi, kitu cha kwanza kujua ni kama shamba linazaa: mzigo mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tuje kwenye vifaa.

Sina nia ya kumlazimisha mtu. Anayejua lugha ya PHP na mfumo wake wa Laravel, aanze nayo, ni imara. Anayejua Flutter kwa upande wa simu, ni chombo kizuri, toleo lake la 1.0 lilitoka 2018 na kimekomaa. Lakini mkiniuliza timu ya watu wawili au watatu hapa Mtwara ianze na nini, nitasema lugha moja kila mahali: TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data. React kwa tovuti, React Native ikiendeshwa na Expo kwa simu, Node.js kwenye seva, na PostgreSQL kwa hifadhidata. Sababu yangu haihusiani na mitindo. Timu ni ndogo. Mmoja akiitwa kazini Dodoma, au akirudi kijijini kuuguza mzazi, aliyebaki aweze kusoma msimbo wa mwenzake wote. Lugha tatu katika timu ya watu watatu maana yake kila mtu ni wa lazima, na mradi unaomtegemea mtu mmoja hauwezi kubeba msimu mzima wa korosho.

Wekeni kila kitu kwenye repo moja, yaani hifadhi moja ya msimbo, ya Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko. Msiwe na repo ya tovuti, nyingine ya simu, nyingine ya seva. Ndani yake folda nne: seva, wavuti, simu, na ya nne iiteni pamoja. Hiyo ya nne ndiyo nyumba ya maungio niliyoyasema. Humo mnaandika umbo la mzigo mara moja tu: una kitambulisho, una mkulima, una chama, una daraja, una uzito, una wakati. Seva inasoma umbo hilo hilo, wavuti hivyo hivyo, simu hivyo hivyo. Siku mtu akibadilisha jina la safu, TypeScript inapiga kelele kwenye folda zote tatu pale pale mezani, kabla kosa halijafika Tandahimba.

Hapa kuna tahadhari ambayo masomo mengi yanaipita haraka. Ukaguzi wa TypeScript unafanyika wakati wa kuandika. Programu ikishaanza kufanya kazi, ukaguzi huo haupo tena. Simu ya kijijini inaweza kuituma seva kitu chochote kile. Kwa hiyo seva lazima ikague yenyewe kila inachopokea, kwa maktaba, yaani msimbo ulio tayari wa kukagua data, kama Zod, na kanuni za ukaguzi nazo zikae kwenye folda ya pamoja. Uzito usiwe chini ya sifuri. Daraja liwe moja ya yanayojulikana. Mkulima awepo kwenye jedwali. Seva isiiamini simu, hata kama simu hiyo mmeitengeneza ninyi.

Kisha fanyeni hatua kwa mpangilio huu: jedwali, seva, wavuti, simu. Andikeni jedwali la mizigo kwa faili la mabadiliko lenye namba, lisitengenezwe kwa mkono ndani ya hifadhidata. Faili la kwanza linaunda jedwali, la pili litaongeza safu, la tatu litafanya mengine, na yote yamo kwenye Git, ili mtu yeyote mwenye kompyuta tupu aweze kuijenga hifadhidata ile ile kwa amri moja. Seva iwe na njia mbili tu, moja ya kupokea mzigo na moja ya kuorodhesha mizigo. Wavuti iwe ukurasa mmoja wenye orodha, bila rangi wala nembo. Simu iwe skrini moja yenye visanduku vichache na kitufe cha kuhifadhi.

Na hapa kwenye simu ndipo wanaoanza wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Seva yako inafanya kazi kwenye kompyuta, kwenye anwani ya localhost, mlango 3000. Wavuti inaifikia bila shida. Unafungua programu kwenye simu, inasema imeshindwa kuunganisha. Kijana anahangaika siku nzima, anafuta, anasakinisha upya, bando linaisha. Sababu ni kwamba localhost maana yake ni kifaa hiki hiki. Simu ikiitafuta localhost inajitafuta yenyewe, na ndani yake hakuna seva. Ukitumia simu ya kuigiza ya Android ndani ya kompyuta, kompyuta yenyewe inapatikana kwa anwani 10.0.2.2. Ukitumia simu halisi kwa Wi-Fi, unaandika anwani ya kompyuta kwenye mtandao huo, na unahakikisha ukuta wa ulinzi wa kompyuta haufungi mlango. Lakini kwa mazingira yetu mimi nashauri waya wa USB na amri moja ya adb, chombo kinachokuja na vifaa vya Android: adb reverse tcp:3000 tcp:3000. Amri hiyo inaifanya localhost ya simu ielekee kwenye kompyuta kwa kupitia waya. Haihitaji Wi-Fi, na mazungumzo ya simu na seva yako hayali bando hata kidogo.

Na nawasihi mtumie simu halisi badala ya ile ya kuigiza. Kompyuta nyingi tulizo nazo humu zina kumbukumbu ndogo, na simu ya kuigiza inaimaliza yote. Zaidi ya hapo, simu ya kuigiza haijui maisha ya simu ya karani: kioo kilichopasuka, nafasi iliyojaa picha, chaji ya asilimia chache, jua la saa saba mchana linalofanya maandishi ya kijivu yasionekane. Azimeni simu ya bei ndogo kabisa mtakayoipata, hiyo iwe ndiyo kipimo chenu.

Kuhusu bando, maana najua wengi mnalipia wenyewe. Vifaa vizito, Android Studio na wenzake, pakueni mara moja mahali penye mtandao wa uhakika, mpeane kwa diski. Na kwa maktaba za Node.js tumieni pnpm, chombo cha kupakua maktaba, kwa sababu inahifadhi nakala moja ya kila maktaba kwenye kompyuta na miradi yote inaitumia hiyo hiyo, badala ya kupakua upya kila mradi.

Haya, tuseme mzigo umefika ukiwa mezani, mtandao ukiwa mzuri. Mmefika nusu ya njia. Nusu iliyobaki ndiyo inayoitenganisha programu ya hapa na ile ya kwenye masomo.

Mtandao utakatika, na programu ianzwe kwa kulijua hilo. Wengi mnakumbuka Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga, na tarehe 12 ya mwezi huo nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Hayo ni makubwa, huja mara chache. Kwa karani wa kijijini kukatika ni kwa kila siku: mnara uko mbali, umeme umekwenda, au bando la chama limeisha na mweka hazina yuko safarini. Na mkulima aliyesimama mbele ya mizani hawezi kuambiwa arudi na magunia yake kesho.

Kwa hiyo mzigo uandikwe kwanza ndani ya simu, kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya kifaa, kisha utumwe. Kitufe cha kuhifadhi kisiisubiri seva kabisa. Karani akibonyeza, rekodi imelala salama ndani ya simu, na programu inaipeleka yenyewe mtandao ukirudi. Lakini kuweni wakweli kwa karani. Mzigo ambao seva haijaujibu uandikwe waziwazi umehifadhiwa kwenye simu, na ule uliojibiwa uandikwe umefika. Msimwandikie mtu umekamilika wakati haujakamilika. Simu inaweza kuanguka kisimani jioni hiyo hiyo, na karani aliyedhani kila kitu kimefika hatakuwa na daftari la kurudia.

Sasa kuna hatari iliyojificha zaidi. Simu inatuma mzigo. Seva inaupokea, inaandika. Inajibu, na jibu linapotea njiani kwa sababu mtandao umekatika sekunde ile. Simu haijui. Inaamini imeshindwa, inatuma tena. Seva inaandika mara ya pili. Mama wa Kitangari sasa ana mizigo miwili kwenye kitabu na mmoja ghalani. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyekosea, na bado hesabu imeharibika.

Dawa yake ni ndogo ikiwekwa siku ya kwanza, na ni mateso ikiwekwa baada ya mwaka. Kitambulisho cha mzigo kizaliwe kwenye simu, kabla haujatumwa, kwa namba ndefu ya nasibu iitwayo UUID. Kwenye jedwali safu hiyo iwe ya kipekee. Seva ikipokea kitambulisho ambacho tayari inacho, isiandike tena, wala isirudishe hitilafu. Ijibu tu kwamba umefika. Simu itume mara moja au mara kumi, mzigo unabaki mmoja. PostgreSQL inalifanya hili kwa maneno machache ya ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ikigongana usifanye kitu. Nikikuta mradi wowote wa kupokea mali za watu, kitu cha kwanza ninachokitafuta ni hicho.

Namba nazo zina mambo yake. Fungueni JavaScript mjumlishe 0.1 na 0.2. Jibu litakuja 0.30000000000000004. Haijaharibika, ndivyo kompyuta zinavyohifadhi desimali za aina hiyo. Kwa mchezo wa simu haidhuru. Kwa mali ya mkulima inadhuru, kwa sababu maelfu ya mizigo yakijumlishwa, daftari la chama na mashine havitakubaliana, na pale visipokubaliana wataanza kushukiwa watu. Hifadhini uzito kwa gramu, namba nzima. Kilo 87.4 iandikwe gramu 87,400. Fedha zihifadhiwe kwa namba nzima vilevile. Tukichukua bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo Serikali ilinunulia msimu wa 2018, mzigo huo ni shilingi 288,420 kamili, na itabaki hivyo kwenye simu, kwenye seva na kwenye ripoti.

Wakati pia. Seva zinatunza saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa 3, na ziachwe zitunze hivyo. Ila msimu unapopamba moto watu wanapima hadi usiku wa manane. Mzigo uliopimwa saa saba usiku, kwa UTC ni saa nne usiku wa jana yake. Ripoti ya siku ikitengenezwa bila kugeuza saa, mzigo utaonekana kwenye siku isiyo yake, na karani wa zamu ya jana ataulizwa juu ya mzigo asioujua. Tena hifadhini nyakati mbili: wakati karani alipopima, kwa saa ya simu, na wakati seva ilipopokea. Simu ambazo saa zake zimerudi nyuma ni nyingi kuliko mnavyodhani, na nyakati hizo mbili zikipishana sana mtajua pa kuchunguza.

Namba za simu nitazisema kwa kifupi. Mtu huyo huyo ataandika namba yake ikianza na sifuri, kesho na 255, keshokutwa na alama ya kujumlisha mbele. Zigeuzeni zote kuwa za umbo moja kabla ya kuhifadhi. Na namba ya simu isiwe ndiyo utambulisho wa mkulima kwenye jedwali. Watu wanabadilisha laini, simu moja inatumika na nyumba nzima, na laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine.

Jambo linalofuata naomba mlisikilize kwa makini, kwa sababu linatofautisha simu na tovuti kuliko jingine lolote. Tovuti ukiibadilisha leo, kila anayeifungua leo anaona mpya. Programu ya simu haiko hivyo. Karani wa kijiji cha ndani aliipokea Septemba kwa Bluetooth kutoka kwa mwenzake, na ataitumia hivyo hivyo hadi Januari. Ninyi mmeshatoa matoleo matano. Seva yenu inazungumza na matoleo yote matano kwa wakati mmoja. Mkifuta safu moja kwenye jibu la seva kwa sababu toleo jipya haliihitaji, simu ya yule karani inakufa katikati ya msimu, na yeye hajui kwa nini. Kwa hiyo tangu mwanzo anwani za seva ziwe na v1 ndani yake, yaani toleo la kwanza. Ongezeni, msiondoe. Kila ombi kutoka kwenye simu libebe namba ya toleo, ili mjue ni nani bado yuko nyuma mumpigie. Na rekodi zilizolala ndani ya simu zivuke salama mtu anaposakinisha toleo jipya. Hilo lijaribiwe kwa mikono kila mara kabla ya kutoa.

Siri za mfumo. Nenosiri la hifadhidata na funguo za huduma za ujumbe mfupi zikae kwenye faili la siri liitwalo .env, na faili hilo liandikwe kwenye .gitignore, orodha ya yasiyoingia Git, kabla ya kuweka chochote kwenye Git. Wekeni jingine la mfano lisilo na siri, mwenzenu ajue nini kinahitajika. Siri ikiingia kwenye Git hata mara moja, kuifuta hakutoshi kwa kuwa historia inaitunza. Ibadilisheni siri yenyewe. Na chochote mlichokiweka ndani ya programu ya simu kihesabuni kuwa hadharani, kwa sababu faili la APK, lile la kusakinisha programu ya Android, linafunguliwa na yeyote mwenye ujuzi kidogo. Simu haipaswi kuijua hifadhidata kabisa. Inaijua seva tu.

Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Jina la mkulima, namba yake ya NIDA, akaunti yake ya benki, hizo ni taarifa zake. Wakati wa kujenga msinakili daftari la kweli la chama kwenye kompyuta zenu. Tungeni wakulima wa majaribio. Na kwenye jedwali kusanyeni kile tu ambacho mzigo unakihitaji. Ombeni namba ya NIDA pale tu panapokuwa na sababu mnayoweza kuieleza mbele ya mkulima mwenyewe.

Pandisheni mradi kwenye seva halisi wiki ile ile mzigo wa kwanza unapofika mezani. Kuna makosa ambayo hayaonekani mpaka hapo. Mfano mmoja unawasumbua wengi: kuanzia Android 9, programu iliyokamilishwa inakataa kwa kawaida anwani za http zisizofichwa. Mezani ilikuwa inafanya kazi, ukitoa APK inanyamaza. Wekeni https, inayoficha mazungumzo, tangu mwanzo; vyeti vyake kutoka Let's Encrypt ni bure. Nakala ya hifadhidata ichukuliwe kila usiku, na mara kwa mara jaribuni kuirudisha, maana nakala isiyowahi kurudishwa hamjui kama ni nzima.

Maneno yote yanayoonekana kwa mtumiaji yakae kwenye faili lake, kwa Kiswahili, na wala yasitawanywe ndani ya skrini. Makarani ndio wayasome na kuyasahihisha. Wao wanasema korosho ghafi, daraja, upungufu, ghala kuu, na wanajua tofauti ya kila neno. Maelezo ya kuanzisha mradi nayo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye faili la kwanza la repo: nini kisakinishwe, amri gani ziandikwe, utaona nini ukifanikiwa. Mpeni mwanafunzi ambaye hajawahi kuuona mradi, akae peke yake, ninyi mkae kimya. Pale atakapokwama ndipo maelezo yalipopungua.

Mtaona sijazungumzia kuingia kwa nenosiri, michoro ya takwimu, malipo, wala kuweka programu Play Store. Vyote vina siku yake, na msingi niliousema unavibeba bila kubomolewa.

Nina ombi kwa viongozi wa vyama vya msingi. Msimu uko karibu. Wakaribisheni vijana hawa wakae pembeni ya mizani, watazame tu, kabla hawajaandika mstari wa msimbo. Waone karani anavyoandika huku akijibu watu wanne, waone gunia linavyorudishwa kwa unyevu, waone daftari linavyosahihishwa. Hakuna masomo ya intaneti yatakayowapa hayo.

Na ninyi vijana, mkirudi na mradi wenu mbele ya karani, msimwonyeshe kwa maneno. Mpeni simu, azime data mwenyewe, aandike mzigo mmoja, aizime simu, aiwashe, awashe data. Kisha mfungue tovuti ofisini mhesabu pamoja naye. Ukiwa mmoja, na gramu zake ni zile zile, anzeni skrini ya pili.

Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Kompyuta ziko tayari chumba cha pili, tuanze na jedwali la mizigo.